Jani la Bi Mwantumu

Kila Alhamisi asubuhi Barabara ya Kumi na Tisa ilifagia hewa yake. Ndivyo wenyewe walivyosema, kufagia hewa, wala hawakuwa wakitania. Majiko yalizimwa tangu Jumatano jioni. Chai ilinywewa baridi, wavuta sigara walihamishia moshi wao barabara ya pili, na mtoto aliyelilia uji alitiwa ndizi mkononi anyamaze. Wanawake walitoka barazani na barakoa zilizoshonwa kwa vitambaa vya kanga walizovaa, maana barakoa isiyofanana na kanga ilikuwa aibu ya mjini, wakamngoja Bwana Hewa, mkaguzi wa Ofisi ya Hewa. Bwana Hewa akishakata kona, barakoa zilivuliwa, madirisha yakafungwa, na mkaa wa magendo ukatolewa uvunguni. Wali wa jiko la umeme, walisema, haunogi. Moshi ni wa malori na viwanda. Huu wa jikoni nao ni moshi, si harufu ya chakula tu?

Semeni binti Kombo alisimama barazani kama wenzake, lakini macho yake hayakuwa njiani anakotokea Bwana Hewa. Yalikuwa mlango wa pili, kwa jirani yake Bi Mwantumu, kwenye lile jani. Lilikuwa kijani. Si kijani cha kusema afadhali, bali kijani cha kisamvu kilichochumwa asubuhi, kinang'aa, hakina hata alama ya kidole. Jani la Semeni lilikuwa na rangi ya kichujio cha chai.

Majani hayo hayakuota mtini. Yalikuzwa kwenye matangi ya maji ya chumvi, kutokana na mwani ambao wataalamu walikuwa wameuchezea mbegu mpaka ukajua kula masizi, ukajua kula na ile sumu ya mkaa isiyonuka, kisha ukatoa pumzi safi. Jani moja lilikuwa na upana wa sinia, laini kama ngozi ya kitoto, na kila nyumba Tanga ilipewa lake. Siku ya semina yule dada mtaalamu alisema waziwazi, "Litundikeni pale mnapowasha moto. Likishiba litageuka kahawia. Msione haya, lileteni tulioshe, mrudi nalo." Akawaonyesha na namna ya kumfunika mtu aliyezidiwa na moshi ili apumulie ndani yake. Walimpigia makofi, wakanywa soda zake, wakaenda zao. Lakini nani angepita njiani amekumbatia jani la kahawia, watu wakimtazama kana kwamba anakwenda kumwaga choo cha mgonjwa? Mahali pa kuoshea palipewa jina la josho, kama pa kuogeshea ng'ombe, na asiyetaka kuchekwa hakukanyaga huko. Majani yakahama majikoni, yakaja kuwa mapambo ya milangoni. Ofisi ya Hewa nayo, kwa kuchoka kubishana na watu, ikaanza kuhesabu kijani kuwa ndio usafi.

Hapo ndipo Semeni alipopatwa na kijiba cha roho. Moto wa wazi ulikuwa umepigwa marufuku mjini, lakini harusi bila udi ni harusi gani? Kwa hiyo kila barabara ilipewa kibali kimoja cha kufukiza, na kibali kilikwenda kwa nyumba yenye jani la kijani kuliko zote. Semeni alikuwa fundi wa udi, kama mama yake na bibi yake. Alijua kuupika kwa sukari na marashi mpaka ukakubali. Alijua kufukiza nguo ya bibi harusi pindo kwa pindo, harufu ikakaa mpaka fungate likaisha. Sasa chetezo cha fedha cha barabara nzima kilikaa kabatini kwa Mwantumu, mwanamke ambaye, Mungu amsamehe, hakujua kutofautisha udi na ubani.

Bwana Hewa alikuwa kijana mrefu aitwaye Singano, mwenye kipimo kifuani na haraka miguuni. Alifika kwa Mwantumu, akakisogeza kipimo kwenye jani, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Bi Mwantumu, wewe unatupa raha. Barabara zote zingekuwa kama mlango wako, ningeacha kazi."

"Ni kujiweka tu, mwanangu," alisema Mwantumu, mkono kiunoni. "Mtu akijiweka, hewa nayo inajiweka."

Semeni alijifunga kanga upya. Singano alipofika kwake alishusha sauti, kwa heshima.

"Bi Semeni, mbona hivi tena?"

"Mie natundika jikoni, baba. Ndivyo tulivyoambiwa."

"Basi siku zangu uwe unalitoa mapema, mama, lipate upepo. Utakuja kupewa onyo."

Aliondoka. Mumewe Semeni, mzee Mhina, aliyekuwa amekaa nyuma yake akikuna ndevu, alipumua kwa nguvu.

"Lakini Bi Mwantumu kajaliwa," alisema. "Mtu ukikaa barazani kwake unasikia kabisa hewa ni nyepesi. Kifua kinafunguka."

"Kifua chako kina mambo, Mhina. Kwangu kinafunga, kwa Mwantumu kinafunguka."

"Nimesema hewa, Semeni."

"Nami nimesema kifua."

*

Ijumaa, baada ya swala ya mchana, Semeni alimpelekea uji wa pilipili manga Saumu, mkwe wa Bi Mwantumu, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kike. Mume wa Saumu alikuwa kazini Mtwara, na Alhamisi iliyofuata ndiyo ingekuwa arobaini ya mtoto. Usimwone Semeni mwema sana kwa uji ule. Alitaka kuingia ndani ya nyumba ile aone kwa macho yake mwanamke yule anafanya nini hata jani lake halishikwi na doa.

Mwantumu alikuwa ametoka. Saumu aliitikia hodi kutoka chumbani, sauti imekwaruza.

"Karibu, mama. Pita huku huku, mie sitoki."

Semeni alisukuma mlango, joto likampiga usoni. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa godoro kuukuu. Chini ya kitanda cha kamba mlikuwa na jiko, makaa yamekolea. Desturi ni desturi: mzazi huota moto mpaka arobaini, mgongo ukaze, tumbo lirudi. Semeni mwenyewe aliota moto hivyo hivyo, mama yake akimchochea makaa, na akikumbuka alijiona mtu aliyependwa. Ila enzi zile nyumba zilikuwa za makuti na moshi ulijipitia ulipotaka. Hapa kila tundu lilikuwa limezibwa ili harufu isitoke ikamfikia Bwana Hewa.

"Hupati tabu humu, mwanangu?"

"Kichwa tu, mama, kinanigonga. Na usingizi. Nasinzia hata nikinyonyesha." Saumu alikohoa, akajifuta kwa pindo la kanga. "Mama anasema ndio uzazi."

Mtoto, jina lake Shamimu, alikuwa amelala kifuani kwa mama yake. Matundu ya pua yake yalikuwa na duara jeusi, kana kwamba mtu amempaka wanja mahali pasipostahili. Semeni alimtazama, akatazama kuta, akauliza kama asiyetaka jibu.

"Na jani lenu mbona halipo huku?"

"Lipo stoo. Mama hataki lipatwe na moshi. Nikupe bakuli, mama?"

"Kaa, nitachukua mwenyewe."

Stoo kulikuwa na giza na harufu ya vitunguu. Juu ya rafu palikuwa na kawa kubwa la ukili, lile la kufunikia chakula cha wageni. Semeni aliliinua. Jani lilikuwa limelala juu ya kitambaa kibichi, kijani, nene, halijala kitu tangu litoke kwenye tangi lake.

Kitu cha kwanza kilichomjia Semeni, nami sitamtetea, hakikuwa huruma. Kilikuwa furaha. Ilimpanda kutoka miguuni mpaka akashika rafu. Kumbe! Kumbe taji lote lile, na chetezo, na mkono kiunoni, na Mhina na kifua chake, vyote vilikaa chini ya kawa la wali!

Alijua vilevile, wakati ule ule, kwamba jani hilo lingetundikwa juu ya kitanda cha mzazi lingeula moshi wote kabla ya magharibi, yule mama na mtoto wakapumua. Alijua. Lakini angelisema sasa, angemwambia nani? Angemwambia Mwantumu pembeni, kwa wema, na Mwantumu angelitundika jani siku mbili, angelipeleka josho kwa siri, na Alhamisi lingerudi mlangoni limeoshwa. Kibali kingebaki pale pale. Na Semeni angebaki na nini? Na shukrani? Alhamisi Bwana Hewa angekuja. Alhamisi kungekuwa na arobaini na mtaa mzima ungekuwa umejaa barazani. Mwantumu alijisifu mchana kweupe, na avuliwe mchana kweupe.

Aliteremsha kawa taratibu, likakaa vile vile lilivyokuwa. Alichukua bakuli, akamimina uji.

"Ukiwa peke yako, uwe unafungua mlango kidogo," alimwambia Saumu.

"Mama atanigombeza, harufu itatoka."

"Kidogo tu."

Lilikuwa neno dogo, na Semeni alilichukua likamtosha. Alitoka akiwa na mwendo wa bibi harusi.

*

Ukuta kati ya nyumba hizo mbili ulikuwa wa tofali moja. Zamani Semeni alisikia kupitia ukuta huo sauti ya Mwantumu akisuka ukili na redio, na hakuijali. Sasa alisikia kikohozi. Saumu alikohoa kwa kishindo, kisha baada yake kikaja kile cha mtoto, kidogo, kikavu, kama paka anayepiga chafya. Jumamosi Semeni aliongeza sauti ya redio. Mtangazaji alikuwa akisoma daraja la hewa ya mji, akawashauri wenye vifua dhaifu wakae majumbani mwao, ndani, ambako ni salama.

"Mtoto wa watu anakohoa," alisema Mhina.

"Mtaa mzima unakohoa."

"Hata kwa Bi Mwantumu? Na hewa yote ile?"

Semeni alikuwa akipika udi wakati huo, kwenye jiko la umeme, bila kibali cha kuuchoma. Aliupika kwa mazoea, mikono isisahau. Aligeuza mwiko ndani ya sufuria, ulimi ukamwasha kumwambia mumewe kila kitu. Angesema tu, kawa. Mhina asingelala. Angevaa kanzu, aende akamwambie Mwantumu saa hiyo hiyo, na kwa upole, kwa sababu Mhina alikuwa mpole kwa Mwantumu kila siku. Wazo hilo la upole wake ndilo lililomfunga mdomo.

Hata hivyo Semeni hakuwa jiwe. Jumapili alilala vibaya. Jumatatu asubuhi kikohozi kidogo kilikatika katikati, kikakawia, kisha kikarudi, na katika kule kukawia Semeni alijikuta amesimama. Alijitia kanga, akavaa viatu. Basi, alijiambia, liwalo na liwe. Nitamwambia pembeni, chetezo na kibaki huko huko.

Alifika mlango wa pili. Barazani kulikuwa na Mhina, amekaa mkekani, kikombe cha kahawa mkononi, anacheka hadi meno ya nyuma yanaonekana. Kulikuwa na mama mmoja wa Barabara ya Ishirini aliyeleta nguo za mwanawe za harusi zifukizwe. Mwantumu alikuwa amechutama mbele ya chetezo cha fedha. Udi ulikuwa unaungua. Kila mwenye pua alijua unaungua. Makaa yalikuwa mengi mno na sukari ilikuwa imeanza kutoa harufu ya kashata iliyosahauliwa motoni, na leso ya harusi ilikuwa inaimeza harufu hiyo yote.

"Ee, shoga yangu, afadhali umekuja!" Mwantumu aliinua uso, umejaa jasho na bashasha. "Hebu ninusie. Wewe ulikuwa fundi."

Ulikuwa. Mama wa Barabara ya Ishirini alimtazama Semeni kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mjane. Mhina alikunywa kahawa yake.

Semeni aliinama, akanusa.

"Umenoga," alisema.

"Kweli?"

"Kweli. Ongeza makaa."

Akarudi kwake. Aliketi kitandani na viatu miguuni. Nyuma ya ukuta mtoto alikohoa. Semeni alishika kichwa, akasema kwa sauti, peke yake chumbani, "Si mimi niliyewasha lile jiko." Ilikuwa kweli tupu. Aliirudia mpaka Alhamisi.

*

Alhamisi ilipambazuka na anga jekundu. Upande wa mashambani walikuwa wamechoma mapori kusafisha mashamba, na upepo ulileta moshi wote mjini. Redio ilitangaza daraja la hatari. Arobaini haikuahirishwa. Arobaini haiahirishwi kwa ajili ya hewa, watu walivaa barakoa zao nzuri wakaja.

Mwantumu alikuwa ameamka mapema. Jani lilikuwa nje tangu alfajiri, juu ya mlango, limepakwa mafuta ya nazi kidogo ling'ae. Kwa kuwa ilikuwa siku ya mwisho ya kuota moto, alikuwa amemjazia Saumu jiko pomoni, ule moto wa kuagia uzazi. Na kwa kuwa ilikuwa siku ya Bwana Hewa, alikuwa ameziba hata uwazi wa chini ya mlango kwa taulo lililolowa. Vyote viwili alivifanya kwa mapenzi na kwa bidii. Saumu angetolewa Bwana Hewa akishapita, aogeshwe, avishwe, mtoto afukizwe kwa chetezo cha fedha mbele ya watu.

Semeni alikuja na kanga mpya. Alikaa mbele. Aliangalia jani likimetameta, akajiambia ng'aa, ng'aa, leo ndiyo leo. Hata mapigo ya moyo wake yalikuwa mazuri kuyasikia.

Singano alifika, amefunga barakoa mbili kwa ajili ya anga lile. Alikisogeza kipimo kwenye jani, akafungua mdomo kusema maneno yake ya kila Alhamisi.

"Bwana Hewa," alisema Semeni, akasimama. "Umeusoma mlango. Huingii ndani?"

Watu waligeuka. Mkono wa Mwantumu ulitoka kiunoni.

"Ndani kuna mzazi, Semeni. Mwanamume ataingiaje?"

"Basi tuingie wanawake. Si nyumba safi hii? Si ndiyo hewa inayofungua watu vifua?" Alimtafuta Mhina kwa macho, akampata, akaendelea. Neno hilo alikuwa amelipanga tangu Ijumaa na lilimtoka tamu. "Sisi wengine tuna majani ya kahawia, tunasemwa. Tunanyang'anywa kazi za mama zetu. Leo nataka nijifunze kwa mwenzangu. Nataka mtaa mzima ujifunze. Bi Mwantumu, tufungulie chumba cha mkweo, utuonyeshe hewa yako."

Paliingia kimya. Semeni alikionja kimya hicho. Alikiacha kikae. Midomo ya Mwantumu ilikuwa imekauka, macho yake yanaomba, na Semeni alikuwa amekingoja kitu hicho kwa muda mrefu kiasi kwamba hakutaka kiishe upesi.

Ndipo alipotambua kuwa kimya kilikuwa kikubwa mno. Ukutani hapakuwa na kikohozi. Hapakuwa na kikubwa wala kidogo.

Hakukumbuka baadaye alivyofika mlangoni. Taulo lilikwama, akausukuma mlango kwa bega. Moshi haukuwa mwingi wa kuuona. Ilikuwa joto tu, na utamu fulani mbaya kichwani. Saumu alikuwa ameegemea ukuta, macho nusu, mdomo wazi. Mtoto alikuwa ameteleza mapajani mwake, na midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Semeni alimnyakua, akapiga kelele waje wamtoe mama yake, akakimbilia barazani.

Lakini nje nako kulikuwa na anga lile jekundu. Mtoto alilegea mikononi mwake kama kitambaa kilicholoa. Watu walipiga yowe, mmoja akasema apepewe, mwingine maji, na Singano alikuwa akibonyeza redio yake ya kazi akiita gari la wagonjwa.

Aliyelifikiria jani alikuwa Mwantumu. Hakungoja kuambiwa, hakuangalia nani anaangalia. Aliruka, mtandio ukamdondoka, akalirarua jani kwenye msumari, likachanika ncha. Alilifuta mafuta kwa gauni lake, akamfunika mtoto kichwa na kifua kama walivyoonyeshwa na yule dada siku ya semina. Alilishikilia hapo kwa mikono miwili. "Pumua, bibi yangu," alisema. "Pumua, mke mwenzangu, pumua." Na jani likaanza kufanya kazi iliyolileta duniani. Kahawia iliingia kutoka katikati, ikatambaa ukingoni, mbele ya Bwana Hewa, mbele ya barabara nzima. Mwantumu hakulitazama hata mara moja. Semeni alilitazama. Hata pale, mtoto mikononi, alimwonea Mwantumu wivu kwa kutolitazama.

Shamimu alikohoa. Kisha akalia, kilio kikali cha mtoto aliyeudhika, na baraza nzima ikalia naye.

*

Gari la wagonjwa lilikuwa linakuja. Saumu alilazwa mkekani, akapewa maji, rangi ikaanza kumrudia. Wanawake walikuwa wakimpapasa Semeni mabegani. "Umemwokoa," walisema, "kama si wewe kutaka mlango ufunguliwe." Mwantumu alikuwa amekaa chini, kichwa wazi, jani la kahawia mapajani. Singano alivua barakoa zake mbili. Alisema kibali hakiwezi tena kukaa kwenye nyumba hii, na kwamba kama mtaa hauna neno, yeye ataandika kwa ofisi kiende kwa Bi Semeni, ambaye jani lake, sasa ameelewa, lilikuwa na rangi ile kwa sababu lilikuwa likifanya kazi. Mtaa haukuwa na neno. Mtu mmoja alikwenda kabatini akakileta chetezo cha fedha.

Ilikuwa vile vile alivyoota, tena zaidi. Mhina alikuwa akimtazama yeye, si mwingine. Semeni, mtoto kifuani, alijisikia mrefu.

"Alikuwa analifunika kwa kawa," alisema kwa sauti, wote wasikie. "Kule stoo, juu ya kitambaa kibichi. Ndio maana halikuwa na doa."

Wanawake waliguna. Saumu aliteremsha kikombe cha maji.

"Mama," alimwambia Semeni. Sauti ilikuwa ndogo, watu wakanyamaza wamsikie. "Leo kawa halikuwa juu ya jani. Jani liko nje tangu alfajiri. Wewe umeliona lini?"

Semeni angeweza kusema alisikia kwa watu. Uongo ulikuja mpaka kwenye meno yake, tayari umevaa nguo. Lakini mtoto alikuwa amemshika kidole, na pua yake bado ilikuwa na lile duara jeusi.

"Ijumaa," alisema.

"Ijumaa uliyoniletea uji."

"Ndiyo."

Saumu alijiinua kwa kiwiko. Alinyoosha mikono. Semeni alidhani anataka kumkumbatia mwanawe, akampa. Saumu alimbusu mtoto, akageuka kwa taabu, akamweka mapajani mwa Mwantumu, juu ya lile jani lililochakaa.

"Mshike, mama," alimwambia mama mkwe wake. "Wewe hukujua."

Mwantumu alimkumbatia mjukuu, akaficha uso kwenye shingo yake, mabega yakitikisika. Wanawake walianza kusogea upande ule, mmoja akamtandika mtandio kichwani, mwingine akakaa karibu yake. Singano, ambaye hakuwa ameelewa, alimkabidhi Semeni chetezo. Kilikuwa kizito kuliko alivyokikumbuka. Alikishika kwa mikono miwili na kuwatazama watu wale kule upande wa pili, na roho ikamuuma kwa kumhusudu Mwantumu kuliko ilivyowahi kumuuma siku zote.

Mhina alisimama kutoka mkekani, akachukua kofia yake, akapita mbele ya mkewe, akaenda nyumbani.